Mwili umegoma kuzoea mwinuko? Tafuta shida iko wapi kabla hujaanza kupanda

Umefika sehemu ya juu siku kadhaa kabla ya kupanda mlima ili mwili uzoee, mpango mzuri kabisa, halafu badala ya kuzoea unaona mambo yanaharibika, kichwa kinagonga, usiku hulali, chakula hakishuki, ngazi chache tu unahema kama umekimbizwa. Sasa uvumilie, umeze kitu, au ushuke? Inategemea ni dalili gani, imeanza lini na inaelekea wapi, ndo maana nazipitia moja moja hapa.

Ila shika hili kwanza hata ukisahau mengine yote. Ukiwa juu ya mita 2,500 na unaumwa, chukulia ni mwinuko mpaka ijulikane wazi kuwa ni kitu kingine. Watu wanaozidiwa huko juu mara nyingi walishajipa jibu mapema, ni mafua tu, ni uchovu wa safari, ni kile chakula cha jana, wakaendelea kupanda. Na namba ya kwanza kuiangalia sio umri wako wala umefanya mazoezi miezi mingapi, ni jana ulilala mita ngapi na juzi ulilala mita ngapi. Ziandike kwenye simu kila usiku, manake maswali mengi hapa chini yanajibiwa na hizo namba.

Kwanza, mwili unafanya nini huko juu

Hewa ya juu ina oksijeni ile ile asilimia 21 kama ya pwani, kinachoshuka ni presha ya hewa. Ukifika mita 5,500 hivi presha ni kama nusu ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila ukivuta pumzi unapata oksijeni nusu. Mwili unaanza kujitetea hapo hapo kwa kupumua haraka na moyo kwenda mbio. Shida ni kwamba ukipumua sana unatoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu inakosa asidi, na ubongo ukiona hivyo unakanyaga breki, unapunguza kupumua wakati wewe bado unahitaji hewa. Figo ndo zinakuja kuachia hiyo breki kwa kumwaga bikaboneti, ile chumvi ya damu inayopunguza asidi, kwenye mkojo, na kazi hiyo inachukua siku kadhaa, haiharakishwi kwa ubishi. Kwa hiyo kukojoa sana siku za mwanzo ni dalili nzuri. Seli nyekundu mpya za damu zinakuja baadaye kabisa, ni suala la wiki, kwa hiyo usidhani siku mbili za kukaa juu zimekuongezea damu.

Ukielewa hapo unaelewa kwa nini mkimbiaji wa marathoni anaweza kulala chali na mwenzake asiye na mazoezi akawa anapiga stori. Mazoezi yanaimarisha misuli na moyo, hayafundishi figo kumwaga bikaboneti. Tena mwenye mazoezi ana hatari yake, miguu inamruhusu kwenda kasi kuliko mwili unavyozoea.

Kichwa kinauma, kimeanza siku ile ile niliyofika au usiku wake

Hii ndo ya kawaida kuliko zote. Ugonjwa wa mwinuko wa kawaida huanza saa 6 mpaka 12 hivi baada ya kufika, na usiku wa kwanza ndo mara nyingi mbaya zaidi. Kichwa kikiuma pamoja na kimojawapo kati ya kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu, basi ni huo, usitafute jina lingine.

Cha kufanya ni rahisi kusema na kigumu kutii: usipande. Lala hapo hapo ulipo, pumzika, meza ibuprofeni au parasetamoli kama mwili wako hauna shida nazo, kunywa maji ya kutosha kiu. Wengi wanapata nafuu ndani ya siku moja au mbili bila kushuka. Kikishaisha kabisa, na hujameza kidonge cha kukificha, hapo unaruhusiwa kufikiria kwenda juu. Kikizidi wakati umepumzika na dawa umemeza, shuka, mita 300 mpaka 1,000 mara nyingi zinatosha kuleta tofauti kubwa.

Sasa kuna vitu vinavyojifanya mwinuko. Kukosa maji mwilini, hewa ya juu ni kavu na unapoteza maji kwa kupumua tu, mkojo ukiwa wa njano iliyokolea na mchache kunywa kwanza uone. Kuacha kahawa ghafla kwa mtu aliyezoea kunywa kila siku. Jua kali bila miwani. Lakini pia kinyume chake, kuna watu wameambiwa wanywe lita nyingi sana kwa siku ili wasiugue, wanakunywa mpaka wanavuka mpaka, na maji kupita kiasi yanashusha chumvi kwenye damu na dalili zake ni hizo hizo, kichwa, kichefuchefu, hata kuchanganyikiwa. Maji hayazuii ugonjwa wa mwinuko, yanazuia kiu tu.

Na kuna moja naomba usiipite haraka. Kama mko wawili au watatu kwenye hema moja au chumba kimoja, wote mmeamka na kichwa na kichefuchefu, mkitoka nje mnapata nafuu taratibu, angalieni jiko. Jiko la gesi au mkaa likiwashwa ndani ya hema lililofungwa zipu kwa sababu ya baridi linatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua. Kupika ni nje au sehemu ya wazi, hata kama upepo unasumbua.

Usiku nashtuka nahema kama nilikuwa nazama

Hii inatisha watu sana na mara nyingi haina madhara. Ni ile breki niliyosema, ukiwa usingizini unapumua haraka haraka, kaboni dayoksaidi inashuka, ubongo unasimamisha pumzi sekunde kadhaa, halafu oksijeni inapungua unashtuka na pumzi kubwa, mzunguko unaanza tena. Mwenzio aliyelala pembeni ndo anaogopa zaidi kuliko wewe. Ikiwa ni hiyo peke yake na asubuhi uko vizuri, endelea na ratiba yako.

Usimeze dawa za usingizi zile zinazolegeza kupumua, na pombe usiku wa siku za mwanzo iache kabisa, inafanya kazi hiyo hiyo. Asetazolamaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, inasaidia sana kwenye hili kwa sababu inazisaidia figo kumwaga ile bikaboneti.

Angalia tofauti hii tu: kama ukilala chali huwezi kupumua na ukikaa unapata nafuu, au umelala na kifua kinakoroma majimaji, hiyo sio habari ya usingizi. Ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya kifua hapo chini.

Chakula hakipiti, natapika

Kukosa hamu ni kawaida, kula kidogo kidogo mara nyingi, vitu vya wanga vinapita vizuri. Kutapika ukiwa na kichwa kinauma ni mwinuko, fanya kama nilivyosema juu. Kuhara au homa kali sio kawaida ya ugonjwa wa mwinuko, hapo tafuta sababu nyingine, tumbo au maambukizi, ila bado usipande, manake mwili unaopigana na ugonjwa mwingine hauzoei vizuri.

Oksimita inaniambia 84, nimekwisha?

Hapana. Kwenye mita 4,000 kusoma kwenye miaka ya themanini ni kawaida kwa watu wengi wazima. Hiki kidude cha kubana kidole, kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, kimeleta hofu nyingi zisizo na sababu, na kibaya zaidi kimewapa watu moyo wakati hawakutakiwa kuwa nao. Kabla hujakiamini kaa chini umetulia dakika tano, pasha kidole moto, toa rangi ya kucha, usiongee, acha namba itulie ndo uisome. Kidole cha baridi kinadanganya kila siku. Na kama una ngozi nyeusi jua kwamba hivi vifaa vinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko oksijeni halisi iliyopo kwenye damu, kwa hiyo namba nzuri isikufanye udharau dalili.

Kinachosaidia ni kujilinganisha na wewe mwenyewe wa jana pale pale ulipo, na wenzako mliofika pamoja. Wote wana 86, 88, 85 halafu wewe una 70 na umechoka kuliko wao, hapo kuna jambo. Lakini mtu akiwa na 90 na anayumba, anashushwa.

Nahema hata nikiwa nimekaa

Sasa hapa tusicheze. Kuhema ukipanda ni haki yako, ukisimama dakika chache inatulia. Kuhema ukiwa umekaa, umepumzika, haikubaliki, na ndo alama ya mapafu kuanza kujaa maji. Hii ndo inayoua zaidi kati ya magonjwa ya mwinuko na inapenda kuja usiku wa pili ukiwa sehemu mpya ya juu, yaani siku ya kwanza unaweza ukajisifia uko fiti. Inaweza kuja hata bila kichwa kuuma, hapo ndo inapowapata wengi.

Mwanzo wake ni mdogo sana. Mtu aliyekuwa anatembea katikati ya kundi leo yuko nyuma kabisa, mkisimama wenzake wanarudisha pumzi yeye bado. Kikohozi kikavu. Baadaye kifua kinabana, kikohozi kinaanza kutoa makohozi yenye povu, mwisho yana rangi ya waridi. Midomo inageuka ya bluu, na kwa ngozi nyeusi angalia ndani ya mdomo, ulimi na chini ya kucha, usiangalie usoni. Ukiweka sikio mgongoni kwake unaweza kusikia mlio mwembamba kama nywele zinazosuguliwa karibu na sikio.

Hapo ni kushuka, sasa hivi, hata kama ni usiku, kama njia inapitika kwa usalama. Mita 1,000 au mpaka apate nafuu. Asibebe mzigo hata begi dogo, kujikakamua na baridi vyote vinaongeza presha kwenye mapafu, kama anaweza kubebwa abebwe. Oksijeni ikiwepo apewe. Nifedipini, dawa ya kushusha presha, inatumika pale ambapo kushuka haiwezekani na oksijeni haipo, na hiyo ni dawa ya kupangwa na daktari kabla ya safari, sio ya kuokota kwenye begi la mwenzako.

Kikohozi kikavu peke yake, bila kuhema ukikaa, kinawapata watu wengi juu kwa sababu ya hewa ya baridi na kavu. Funika mdomo na kitambaa, kunywa vitu vya moto. Ila kila asubuhi jiulize lile swali moja, nikikaa nahema?

Mwenzangu amekuwa wa ajabu, anayumba

Huyu ubongo wake unavimba. Kawaida anakuwa alishakuwa na kichwa siku moja au mbili, sasa amekuwa mkali bila sababu, au kimya mno, hafungi zipu, anasahau glavu, anaongea kama amelewa. Na yeye hatasema anaumwa. Atakwambia yuko sawa na anataka kulala tu, kwa hiyo usimuulize, mpime.

Chora mstari chini wa mita tatu hivi, au tumia ufa wa mbao sakafuni. Atembee juu yake kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma kila hatua, ageuke, arudi. Wewe simama pembeni umdake. Halafu mtu mzima wa afya afanye hapo hapo, kwenye ardhi ile ile na buti zile zile, kwa sababu mlimani hata mzima anayumba kidogo. Akikosa mstari, akianguka, akishindwa kugeuka wakati mwenzake ameweza, maamuzi yameisha. Anashuka usiku huo huo, hasubiri kupambazuke kama njia ni salama, na haachwi peke yake hata kidogo, hata kwenda chooni. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, inampa muda, miligramu 8 za kwanza halafu 4 kila baada ya saa 6, lakini inanunua muda wa kushuka tu, hairuhusu mtu kubaki juu.

Watoto wadogo hawawezi kukueleza wala kutembea kwenye mstari. Mtoto analia kuliko kawaida, hataki kula, hachezi, juu ya mita 2,500, mshushe.

Vidole vinawasha, soda haina ladha, uso umevimba

Vidole na midomo kuchonyota na vinywaji vya gesi kuwa na ladha mbovu ni asetazolamaidi hiyo, haina shida. Dozi ya kujikinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini ongea na daktari hasa kama una aleji kali na dawa za salfa, na ijaribu ukiwa nyumbani kwanza. Haifichi ugonjwa kama watu wanavyoogopa, inaharakisha kuzoea. Ila haikupi leseni ya kukimbia.

Uso na mikono kuvimba asubuhi bila dalili nyingine, sawa tu, inaisha ukishuka. Ukiona giza au doa kwenye jicho moja, shuka ukaonwe.

Maumivu makali juu ya tumbo upande wa kushoto

Naiweka peke yake kwa sababu hawaijui. Mtu mwenye kinasaba kimoja cha selimundu (sickle cell), yaani amerithi kwa mzazi mmoja na hajawahi kuumwa maisha yake yote, anaweza akifika juu bandama ikakosa damu. Maumivu chini ya mbavu za kushoto, kichefuchefu, wakati mwingine maumivu yanapanda begani. Shuka na uende hospitali. Kwenye familia zenye historia ya selimundu pima kabla ya safari, na mwenye ugonjwa wenyewe asipange mlima mrefu bila daktari wake.

Nilijiandaa vizuri, mbona bado?

Hapa ndo kuna kazi, manake shida nyingi hapo juu zilitengenezwa wiki moja kabla.

Ya kwanza ni kuruka. Ndege au gari vinakupandisha haraka kuliko miguu yoyote. Uwanja wa ndege wa El Alto kule Bolivia uko juu ya mita 4,000, unashuka kwenye ndege tayari uko sehemu ambayo kwa miguu ungetumia siku kadhaa. Ukiweza lala usiku mbili tatu kwenye mita 2,500 mpaka 3,000 kwanza. Ukivuka 3,000, sehemu ya kulala isipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku ya tatu au ya nne lala tena pale pale ulipolala jana. Kambi hazipangwi kwa kanuni, unaweza kukuta kutoka moja hadi nyingine ni mita 900, basi ongeza usiku kabla au baada ili wastani urudi chini. Kilimanjaro ina mita 5,895 na ratiba zake fupi hazifuati kanuni hii kabisa, kwa hiyo anayeenda ratiba fupi ndo anatakiwa awe amelala juu sehemu nyingine kabla.

Ya pili, kupanda mchana kurudi kulala chini inasaidia, lakini kuna wanaofanya siku moja tu, saa mbili juu, wakadhani wamezoea. Usiku ndo unahesabika zaidi. Karibu wiki nzima ya kulala kwenye mita 2,200 mpaka 3,000 inaleta faida unayoiona.

Ya tatu ni barakoa za mazoezi. Zinafanya kuvuta hewa kuwe kugumu, hazishushi presha ya hewa, kwa hiyo zinachosha misuli ya kupumua na basi. Hema za nyumbani zenye hewa ya oksijeni kidogo ni kitu kingine, zinaweza kusaidia ukizilalia saa nyingi kila usiku kwa wiki kadhaa, usiku mbili tatu ni hela imepotea.

Ya nne, ulizoea lakini mwili umeshasahau. Ukishuka kwenye usawa wa chini mazoea yanayeyuka ndani ya wiki chache, kwa hiyo mlima wa miezi mitatu iliyopita haukulindi leo. Kinachobaki ni taarifa: kama uliumwa mara ile kwa mwendo ule, tarajia kuumwa tena kwa mwendo ule ule. Hakuna kipimo cha hospitali kinachotabiri vizuri kuliko hiyo historia yako.

Na ya tano, madini ya chuma. Mwili unayahitaji kutengeneza hizo seli nyekundu za wiki za baadaye, mwenye upungufu wa damu apime na atibiwe mapema kabla ya kufunga begi.

Nimeshuka, nimepona. Naweza kurudi juu?

Kama ilikuwa kichwa na kichefuchefu tu, ndiyo, dalili zikiisha kabisa bila dawa za maumivu, na safari hii uende taratibu kuliko mwanzo, asetazolamaidi ukiwa umeipata kwa daktari. Kama mapafu yalijaa maji au ubongo ulivimba, safari hiyo imeisha hata ukijisikia mzima kesho yake. Nenda hospitali ukapimwe kifua, mwambie daktari ulifika mita ngapi, ulilala wapi usiku gani, na dalili ilianza saa ngapi. Zile namba ulizoandika kwenye simu ndo atazitaka.